Namna ya Kuchunguza Uteuzi Asilia katika Mimea

Mwenye kutaka kuelewa mageuko ya mimea sharti kwanza aache kuutazama mmea mmoja mmoja na aanze kulitazama kundi. Mmea mmoja haugeuki kwa maana inayozungumziwa na wanabiolojia: huota, hukua, hutoa mbegu au hukosa kutoa, kisha hufa ukiwa na jeni, yaani maelekezo ya kurithi, zilezile ulizoanza nazo. Kinachogeuka ni kundi, yaani mimea yote ya spishi moja inayoota mahali pamoja na kuchavushana, ambamo sifa fulani za kurithi huongezeka na nyingine hupungua kadiri vizazi vinavyopita. Mabadiliko hayo ya kundi ndiyo mageuko. Uteuzi asilia ni mojawapo ya sababu zinazoyaleta, na ndio unaoeleza kwa nini mimea inaonekana kuyafaa mazingira yake. Hoja hiyo ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace ilitangazwa kwa pamoja mwaka 1858, kisha Darwin akaifafanua kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Hoja yenyewe ina masharti matatu. Mimea ya kundi itofautiane. Tofauti hizo zirithiwe. Na mimea yenye sifa fulani iache uzao mwingi kuliko mingine kwa sababu ya sifa hiyo. Likikosekana sharti moja, uteuzi asilia haufanyi kazi. Yakitimia yote, basi wenyewe unafuata bila kuhitaji nia ya yeyote. Hatua zinazofuata hapa zinamwezesha msomaji kuyapima masharti hayo mwenyewe kwa mimea iliyo karibu naye.

Kuchagua mmea na kupima tofauti

Chagua mmea unaoota kwa wingi, unaomaliza maisha yake katika msimu mmoja, na unaotoa mbegu unazoweza kuzihesabu. Magugu yanafaa zaidi kuliko miti, kwa kuwa mti unaoishi miaka mingi hautakuonyesha kizazi cha pili kwa wakati. Mmea uliopandwa kutokana na vipandikizi haufai kabisa, kwa sababu vipandikizi vya mama mmoja vina jeni zilezile na havina tofauti za kuteuliwa.

Kisha pima. Chukua mimea mingi bila kuchagua ile inayopendeza, uandike kimo cha kila mmoja, tarehe ya ua la kwanza, wingi wa vinyweleo kwenye jani, na idadi ya mbegu. Mtu aliyezoea kuona mimea ya aina moja kuwa sawasawa hushangaa anapoona jinsi tarakimu zinavyoachana, na mshangao huo una manufaa, kwa sababu tofauti hizo ndizo malighafi ya uteuzi.

Tofauti za kurithi huanza pale DNA, kemikali inayobeba jeni, inaponakiliwa kwa kukosea, na huongezeka pale jeni za wazazi wawili zinapochanganyika wakati wa utungisho. Makosa hayo hayatokei kwa kuwa mmea unayahitaji. Ukame hauleti jeni ya kustahimili ukame. Unachofanya ni kuiacha jeni hiyo ipite, iwapo tayari ipo ndani ya kundi.

Kuthibitisha kwamba sifa inarithiwa

Hapa ndipo wachunguzi wengi wanapoteleza, kwa hiyo hatua hii inastahili muda kuliko nyingine zote. Mmea ulioota kivulini huwa na majani mapana na shina jembamba, na ndugu yake aliyeota juani huwa mfupi na imara, ingawa wote wawili wametoka katika tunda moja. Mimea hubadilisha maumbile yake kwa kadiri ya mwanga, maji na rutuba kuliko wanyama wengi wanavyoweza, hivyo tofauti inayoonekana kwa macho haitoshi kuwa ushahidi wa tofauti ya jeni.

Njia ya kutenganisha mambo haya mawili ni kuotesha mimea ya asili mbalimbali mahali pamoja. Kusanya mbegu kutoka sehemu mbili zisizofanana, mathalani bondeni na mlimani. Zipande katika vyungu vyenye udongo mmoja, uzipe maji na mwanga sawa, na uvichanganye vyungu badala ya kuweka vya bondeni upande mmoja na vya mlimani upande mwingine, maana hata meza moja ina pembe yenye jua zaidi. Mbegu ya kwanza hubeba pia athari ya lishe aliyokuwa nayo mama yake. Kwa sababu hiyo ni bora kuotesha kizazi kimoja, kuvuna mbegu zake, na kufanya vipimo kwenye kizazi cha pili. Tofauti ikiendelea kuonekana, unayo haki ya kusema kwamba inarithiwa. Ikitoweka, ilikuwa ya mazingira tu, na hayo nayo ni matokeo yanayofaa kuandikwa.

Kazi maarufu zaidi ya namna hii ilifanywa na Jens Clausen, David Keck na William Hiesey katika miaka ya 1930 na 1940 huko California, Marekani. Walikuza mimea kadhaa, ikiwamo Achillea, katika bustani zilizokuwa katika miinuko tofauti, kuanzia karibu na usawa wa bahari hadi juu ya milima ya Sierra Nevada. Achillea ya milimani ilibaki fupi hata ilipolelewa katika bustani ya chini yenye hali ya hewa ya upole, na ile ya pwani ilipata taabu kuishi milimani. Spishi moja, basi, ilikuwa imegawanyika katika makundi ambayo kila moja limelingana kijeni na mahali pake.

Kuhesabu uzao

Mmea unaofaulu katika uteuzi si lazima uwe mrefu, mwenye nguvu au wa kuvutia. Kipimo ni kimoja: ni watoto wangapi wanaofikia umri wa kuzaa. Tia alama kwenye mimea kadhaa kabla haijachanua, ifuatilie hadi mbegu zikomae, na usiiondoe kwenye hesabu ile iliyokufa njiani, kwa sababu sifuri yake ni sehemu ya jibu. Halafu linganisha idadi ya mbegu na sifa ulizopima mwanzoni. Je, waliochanua mapema walizaa zaidi? Je, wenye vinyweleo vingi waliliwa kidogo?

Mfano mzuri ni wa Brassica rapa, mmea wa jamii ya haradali, kusini mwa California. Watafiti walikuwa wamehifadhi mbegu zilizokusanywa mwaka 1997. Baada ya miaka ya ukame walikusanya nyingine mwaka 2004 mahali palepale, wakaotesha za mababu na za wajukuu pamoja katika hali moja. Wajukuu walichanua mapema zaidi. Msimu wa mvua ulipofupika, mimea iliyochelewa kuchanua ilikauka kabla mbegu hazijakomaa, na iliyowahi ikaacha uzao. Muda wa vizazi vichache tu ulitosha. Kwa maoni yangu jaribio hilo linafundisha kuliko picha nyingi za visukuku, kwa kuwa babu na mjukuu wanasimama katika bustani moja.

Kumtafuta mteuzi

Baada ya kujua sifa gani inaongezeka, uliza ni kitu gani kinachoichuja. Kinaweza kuwa ukame, baridi, mdudu mla majani, mchavushaji au udongo, na mara nyingi ni binadamu asiyekusudia. Huko Montpellier, Ufaransa, mmea uitwao Crepis sancta hutoa mbegu za aina mbili, nyepesi zinazopeperushwa na upepo na nzito zinazoanguka karibu na mama. Katika vipande vidogo vya udongo vinavyozunguka miti ya barabarani, mbegu nyepesi huishia kwenye saruji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mimea ya mjini hutoa mbegu nzito kwa uwiano mkubwa kuliko ile ya mashambani, hata inapooteshwa pamoja.

Dawa za kuua magugu hutenda vivyo hivyo. Nyasi ya Lolium rigidum iliyostahimili glifoseti iliripotiwa Australia mwaka 1996. Dawa haikuifundisha nyasi hiyo chochote. Iliua mimea iliyokuwa dhaifu mbele yake na kuacha shamba zima kwa michache iliyokuwa na jeni za kustahimili.

Usisahau kutafuta gharama. Nyasi zilizoota juu ya mabaki ya migodi huko Wales ziliweza kustahimili metali zenye sumu, lakini zilipopandwa kwenye udongo wa kawaida pamoja na nyasi za malisho, hazikuweza kushindana nazo vizuri. Sifa haiwi bora kila mahali.

Unapoandika matokeo, kagua sentensi zako. Ukiwa umeandika kwamba mmea ulitoa miiba ili ujilinde na wanyama, andika upya: katika kundi lililokuwa na mimea yenye miiba na isiyo nayo, wanyama walikula zaidi isiyo na miiba, hivyo yenye miiba ikaacha mbegu nyingi. Sentensi ya pili ni ndefu, lakini inaweza kupimwa. Kumbuka pia kwamba si kila badiliko ni la uteuzi. Katika kundi dogo sifa inaweza kuenea au kupotea kwa bahati tu, na chavua inayotoka mbali huleta jeni ngeni.

Kujua kama spishi mpya imezaliwa

Kwa kawaida makundi mawili hutengana polepole. Mimea, hata hivyo, ina njia ya haraka ambayo ni adimu kwa wanyama: kuongezeka maradufu kwa kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Huko Uingereza, katika karne ya 19, nyasi ya Spartina alterniflora kutoka Marekani ilizaliana na Spartina maritima ya huko. Chotara wao alikuwa tasa, kwa kuwa kromosomu za wazazi hazikuweza kupangana jozi kwa jozi. Kromosomu zake zilipoongezeka maradufu, kila moja ilipata mwenzake, na ikapatikana Spartina anglica, spishi yenye uwezo wa kuzaa iliyoenea kwenye matope ya pwani.

Kwa makundi mawili unayoyashuku, ondoa stameni, yaani sehemu za ua zinazotoa chavua, kwenye maua ya kundi la kwanza kabla hazijapasuka, uyapake kwa brashi laini chavua ya kundi la pili, na uyafunike kwa mfuko mwepesi wa karatasi ili wadudu wasilete chavua nyingine. Weka alama pia kwenye maua machache yaliyopakwa chavua ya kundi lao wenyewe, yawe ya kulinganishia. Zisipopatikana mbegu kwenye maua yaliyopakwa chavua ya kundi la pili huku kwenye yale ya kulinganishia zikipatikana, au chotara wakiota lakini wakashindwa kutoa mbegu, umekuta kizuizi cha uzazi. Wakizaa kama kawaida, rudia jaribio katika mwelekeo wa pili, chavua ya kundi la kwanza kwa maua ya kundi la pili, kwa sababu kizuizi hicho mara nyingine huwa cha upande mmoja tu.