Una sukari? Macho na figo usivisubirishe mpaka viume

Jamani wenye sukari, usikae ukasema "mie naona vizuri", maana jicho na figo haviumi vikianza kuharibika, vile vimishipa vidogo vinaliwa kimya kimya. Ukishaambiwa tu una sukari ya aina ya 2, omba upimwe macho hapo hapo, halafu kila mwaka. Ukenda hospitali ya Mnazi Mmoja kliniki ya macho fuatana na mtu, kwa sababu wanaweza kukutia matone ya kutanua mboni na masaa kadhaa utaona ukungu tu na jua linachoma, kwa hiyo vespa iache nyumbani. Kusoma zile herufi ukutani peke yake hakutoshi, mwambie daktari atazame nyuma ya jicho.

Figo ni mkojo na damu: mkojo waangalie albumini (protini inayovuja figo zikiharibika), damu kriatinini (taka ambayo figo huichuja), nako kila mwaka. Presha usiisahau. Na hizi diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua dukani kila goti likiuma (sie kwa dawa za maumivu hatujambo!), kwa figo dhaifu ni balaa, muulize daktari kwanza. Ukiona vidoa vyeusi vingi vinaelea ghafla au kama pazia limeshuka jichoni, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.