Kuitambua Ipomoea leptophylla: anza na jani, ua baadaye

Ipomoea leptophylla ni mmea wa maua, na siku ya kwanza niliupita bila kuujua. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa saba, kwenye vilima vya mchanga vya Sandhills kule Nebraska, Marekani, na maua yake yote yalikuwa yamejifumba, yamelegea kama karatasi iliyolowa. Nikaona kichaka tu. Kesho yake saa moja asubuhi kichaka kile kile kilikuwa kimejaa tarumbeta za waridi, koo la kila moja zambarau iliyokolea.

Ndiyo maana nakwambia ua liache kwanza. Tazama mkao. Wengi wa jamaa hii, jamaa ya kiazi kitamu, hutambaa na kujisokota kwenye chochote wanachokikuta. Mmea huu haujisokoti popote: mashina mengi hutoka pamoja ardhini, huinuka, kisha huinamia nje, ukapata kichaka cha mviringo cha kama mita 1. Halafu shika jani. Umbo la moyo usilitafute. Jani ni jembamba kama la nyasi, refu kama kidole au zaidi, laini, halina vinyweleo. Hata jina leptophylla ni Kigiriki, maana yake majani membamba.

Gugu linalowachanganya watu ni Convolvulus arvensis, lililotoka Ulaya. Hilo hutambaa, majani yake yana umbo la ncha ya mshale, na ua halizidi sana sentimita 2.5. Ukibaki na shaka, fuata kikonyo: kwenye gugu utakuta vijani viwili vidogo mno, mbali kidogo chini ya ua. Na ukiona kimmea kifupi chenye vinyweleo vya rangi ya fedha na viua vya sentimita 1, hicho ni Evolvulus nuttallianus, mwenyeji wa huko kama huu wetu.

Alama ninayoipenda mimi ni sisimizi. Sepali, yaani vijani vya kijani vinavyolishika ua kwa chini, hutoa maji matamu, nao sisimizi huzifuata tangu ua likiwa tumba. Niligusa tumba moja kwa kalamu. Watatu wakaipanda kalamu yenyewe. Panzi wanaokuja kula maua huwajua hao walinzi.

Mzizi usiuchimbe. Ni kiazi kinachoweza kuwa kinene kuliko paja, ndicho kinachouvusha mmea wakati wa ukame. Wacheyenne, Waarapaho na Wakiowa, wenyeji wa asili wa nyanda hizo, walikichoma wakala njaa ilipobana. Wewe piga picha ya jani, tumba, na pale mashina yanapotokea mchangani. Fika kabla ya saa nne asubuhi.