Kabla Hujafunga Mashine ya Kufyekea Nyuma ya Trekta

Mvua ya mwaka ikishakatika huku Malindi, nyasi hazimngoji mtu. Ukifika mwezi wa sita, shamba la minazi lililokuwa jeupe limekuwa pori la kiunoni, na simu za kutafuta trekta zinaanza kulia alfajiri. Kwa hivyo mashine ishughulikie sasa, ingali imelala bandani. Ukingoja siku ya kazi umechelewa.

Oili ya injini, maji ya rejeta, upepo wa magurudumu: hayo sikufundishi. Visu vinoe, na ukibadilisha kimoja badilisha na mwenzake, kwani vikipishana uzito mashine itatetema mpaka nati zijifungue zenyewe. Giaboksi ya mashine ina oili yake, mbali na ya trekta. Najua wenye mashine ambao hawajawahi kufungua kile kifuniko hata siku moja. Kifungue.

Shafti ndiyo inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine. Krosi zake, vile viungo vya kupinda, zipigwe grisi kila asubuhi ya kazi. Shafti yenyewe ni bomba mbili, moja inaingia ndani ya nyingine. Kabla ya kuizungusha, inua mashine mpaka juu, kisha iteremshe mpaka chini, uangalie. Ikiwa ndefu mno itagota na kuisukuma giaboksi, ikiwa fupi itachomoka ikizunguka. Bomba zibaki zimeingiliana angalau theluthi.

Na kava ya shafti iwepo. Usiniambie ilikuwa imevunjika tangu ulipoinunua. PTO, ile ncha ya nyuma ya trekta inayoizungusha shafti, inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa kila sekunde moja. Ncha ya kikoi ikinaswa, hutawahi hata kupiga ukelele. Kikoi vua, vaa suruali. Na mama anayeleta chai na mahamri shambani aiweke chini ya mwembe, wewe ndiye umfuate.

Sasa bolti. Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipolipa.

Kwenye shafti, pale inapoungana na mashine, kuna bolti moja laini. Imewekwa ikatike. Visu vikigonga kitu kigumu, bolti inakatika, nguvu ya trekta inaishia hapo, na giaboksi inasalimika. Mimi hilo nililijua kwa maneno tu.

Nilikuwa na kazi ya ekari sita upande wa Ganda, shamba la minazi mikongwe. Mwenyewe aliniambia, "Shamba langu safi, mwanangu, halina kitu." Ekari ya pili, tak! Shafti inazunguka, visu vimesimama. Kushuka kutazama, kisiki cha mnazi kimekatwa usawa wa goti na kufunikwa na nyasi. Bolti imekatika kama ilivyotakiwa. Sanduku la vifaa nikalipekua, sina nyingine. Utingo wangu akachomoa bolti moja ya jembe, imeandikwa 10.9 kichwani, alama ya chuma kigumu. Ikaingia sawasawa, kama imezaliwa pale. Akacheka, "Hii sasa haikatiki, bosi!" Nami nikafurahi. Tulikuwa tumeokoa safari ya kurudi mjini, na jua lilikuwa bado halijapanda sana.

Haikukatika kweli. Ekari ya nne tukapanda juu ya jiwe la matumbawe, yale yanayotokeza ardhini kama kiazi kilichofukuliwa nusu. Trekta ikaguna, ikatikisika, halafu nikasikia mlio kama wa dafu likipasuliwa kwa panga. Nilipoangalia nyuma, oili nyeusi ilikuwa inatiririka juu ya nyasi. Giaboksi imepasuka ubavuni, meno ya gia yametawanyika ndani kama punje za mahindi. Bolti ya jembe nzima, haina hata mkwaruzo. Spea zikatoka Mombasa, wiki mbili nimekaa barazani msimu wote ukinipita, na shilingi elfu 68 zikaenda kwa sababu ya bolti ya shilingi hamsini.

Kwa hivyo nunua kumi kwa pamoja, za ugumu ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine. Zitie chupani na uifunge chupa kwenye trekta yenyewe, isikae nyumbani. Mpwa wangu yuko Kanada, kazi yake majira ya baridi ni kuendesha trekta iliyofungwa mashine ya kurushia theluji. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Mashine zao nazo zina bolti za namna hiyo hiyo, zinakatika zikinasa bonge la barafu, na huko pia wapo wanaotia bolti ngumu wakadhani wamepata akili.

Mashine nyingine hazina bolti hiyo, zina klachi ya kuteleza, inayoachia mzigo ukizidi. Kwa hewa yetu ya chumvi, klachi ikikaa miezi bila kazi sahani zake zinashikana kutu, na hapo ni sawa na kutokuwa nayo. Kila mwanzo wa msimu legeza springi zake, iache iteleze sekunde chache, halafu uzikaze kama zilivyokuwa. Na mashine usiioshe kwa maji ya kisima cha ufuoni. Tumia ya mfereji.

Kabla ya kuingia shambani, litembee kwa miguu na uweke kijiti penye kila kisiki na kila jiwe, hata mwenyewe akiapa. Watoto wakae mbali, mita mia, kwa sababu kisu kikirusha jiwe hakichagui. Usiingie chini ya mashine iliyoinuliwa kwa haidroliki peke yake, weka gogo. Ukizima PTO, visu bado vinazunguka, ngoja visimame ndiyo ushuke. Nyasi zikisokota usizitoe kwa mkono na injini ikinguruma: zima, ufunguo tia mfukoni mwako, si mwa utingo. Asipandishwe mtu kwenye madigadi ya gurudumu, hata akiwa mwenye shamba. Na Ijumaa anza mapema, au uache kabisa, maana ikikaribia saa sita kila mtu ana haraka ya msikitini, na mwenye haraka ndiye anayeruka shafti badala ya kuzunguka trekta.