Kupima nguvu ya katani darasani, kama alivyopima Stephanie Kwolek

Baba yangu alifanya kazi ya brashi katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza, na jioni alirudi na vumbi la katani kwenye nyusi. Mimi nafundisha kemia Tanga mjini. Nikifika mada ya polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, naanza na katani, kwa sababu watoto wa hapa wanaijua kamba kabla ya kuijua molekuli.

Tafuta nyuzi za katani zilizopigwa brashi, zenye urefu wa karibu mita moja. Zichane kwa kitana mpaka zilale. Nunua na mshipi mwembamba wa nailoni wa kulinganisha na katani, ule wanaotumia wavuvi wa Sahare. Utahitaji pia ndoo ya lita 20, kopo la nusu lita, vijiti viwili laini na miwani ya kukinga macho.

Hesabu nyuzi tano za katani, kisha kata mshipi wenye urefu ule ule, vipande vya kutosha kufikia uzito ule ule. Mizani ya dukani haitakusaidia hapa. Mimi huenda kwa sonara, naye hunipimia bila kinyongo. Usiiruke hatua hii. Kevlar, uzi aliougundua mkemia Mmarekani Stephanie Kwolek, husifiwa kuwa na nguvu mara tano ya chuma, lakini sifa hiyo ni kwa uzito ulio sawa. Mwanafunzi asiyelielewa neno hilo hajauelewa ugunduzi wenyewe.

Sasa kufunga. Wengi hupiga fundo, na fundo hubana uzi hadi ukatikie hapo hapo, kwa hiyo wanakuwa wamepima fundo. Zungusha ncha kwenye kijiti mara tatu au nne, ndipo ufunge mwisho wake. Acha sentimita 30 kati ya vijiti. Kijiti cha juu kikae imara, cha chini kibebe ndoo, nayo iwe shubiri moja tu juu ya sakafu. Miguu mbali, miwani machoni. Mimina maji kopo kwa kopo, taratibu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza uzito wa ndoo tupu.

Uzi ukikatika, andika uzito, kisha rudia kwa nyuzi mpya, za katani na za mshipi. Mara tano, si moja. Wanafunzi watanung'unika, na hapo ndipo nawasimulia.

Mwaka 1965, katika maabara ya kampuni ya kemikali ya DuPont huko Wilmington, Marekani, Kwolek alikuwa akitafuta uzi mwepesi wa kuimarisha matairi. Majimaji ya polima aliyoyazoea yalikuwa mazito na angavu. Safari hii alipata mepesi, yenye ukungu, kama mtindi uliozimuliwa. Fundi wa mashine ya kusokota alisita kuyapitisha, akihofia chembe zitaziba vitundu. Kwolek aliyachuja, akamshawishi, na uzi ukatoka bila kukatika. Vipimo vilikuja vikubwa kiasi kwamba aliurudisha kupimwa mara kadhaa kabla ya kuwatangazia wenzake. Msichana wa kidato cha tatu akisikia hivyo, hushika kopo upya bila kuambiwa.

Kisha funga fungu jingine la nyuzi tano, ila safari hii mbili zikae wima na tatu zilegee kidogo, kila moja kwa kiasi chake. Waambie wanyamaze wasikilize. Zilizokazwa hukatika kwanza, moja baada ya nyingine, kwa sababu zimebeba mzigo peke yao. Linganisha na fungu lililochanwa vizuri. Hapo ndipo uchore ubaoni minyororo ya molekuli za Kevlar: imenyooka kama vijiti, imelala sambamba, na kila mmoja umeshikana na jirani yake kwa vifungo vya haidrojeni. Ukungu ule ulitokana na minyororo hiyo kujipanga makundi makundi ikiwa bado ndani ya majimaji, na kusokotwa kukainyoosha zaidi. Waeleze wazi kwamba fungu lao ni mfano wa kuonekana kwa macho tu; molekuli zenyewe hazionekani.

Daftari la kuandikia mpe mtoto mmoja asiyeshika ndoo wala kopo. Ndoo ikitua chini darasa zima hupiga kelele, na idadi ya makopo husahaulika papo hapo.