Mstari mmoja asubuhi, miwili jioni?

Dada zangu wa Dodoma, kile kipimo cha mimba cha duka la dawa kinatafuta homoni ya hCG kwenye mkojo. Homoni hiyo huanza kutengenezwa mimba ikishajishikiza kwenye mji wa mimba, kwa hiyo ukipima kabla siku zako hazijapitiliza, mstari mmoja, yaani jibu la "hakuna mimba", haukuhakikishii kitu. Rudia baada ya siku 3 hadi wiki. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Wa mchana, baada ya kugida maji kwa jua letu hili, umeshazimuliwa. Na usome ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mimi niliwahi kukichungulia tena jioni, nikaona kimstari cha pili cha kijivu, roho ikanipaa. Kumbe ni mkojo uliokauka! Mstari hafifu wenye rangi, uliotokea kwa wakati, huo uhesabu kuwa ni mimba.