Jinsi ya kusoma habari za teknolojia bila kuingizwa mjini

Wadau, ukikuta kichwa cha habari "dunia nzima imedukuliwa" usikimbilie kushea, tulia kwanza uone kampuni husika yenyewe imesema nini, maana tarehe 19 Julai 2024 watu kibao walidai Windows imevamiwa kumbe ni apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, kompyuta kama milioni 8.5 zikaganda kwenye skrini ya bluu na ndege zikakwama. Mdukuzi hakuwepo kabisa.

Halafu tafuta namba ya CVE, hiyo ndo kitambulisho cha tundu la kiusalama, ukiipata angalia toleo gani la programu limeguswa, kama ni lako apdeti leo leo. Zile za kwenye muvi jamaa anagonga kibodi kidogo tu kashaingia benki, achana nazo, wezi wengi wanaanza na meseji ya kukulaghai utoe paswedi.