Kompyuta Pepe Ikigoma, Anza kwa Mwenyeji

Kompyuta pepe (virtual machine), yaani kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, inapokataa kuwaka, wengi hukimbilia kuifuta na kuisakinisha upya. Saa mbili baadaye hitilafu ni ileile, kwa sababu haikuwa ndani ya mashine hiyo hata kidogo. Kuna tabaka tatu za kuchunguza: kompyuta yenyewe, yaani mwenyeji, programu ya katikati kama VirtualBox au VMware Workstation, na mfumo uliosakinishwa ndani, yaani mgeni. Mgeni ndiye hulaumiwa kwanza, na mara nyingi hana kosa.

Kabla ya kugusa chochote, soma kumbukumbu za matukio ya programu (log). Kwenye VirtualBox, bofya kulia jina la mashine kisha Show Log. Kwenye VMware, fungua faili la vmware.log lililo ndani ya folda ya mashine. Usianze kusoma mstari wa kwanza, utachoka bure. Kwa VirtualBox tafuta herufi VERR_ na unakili neno zima linalofuata, maana majina haya hufanana sana huku tiba zake zikiwa mbali kabisa.

Mashine haiwaki, au inatambaa kama kobe

VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED kwa prosesa za Intel, au VERR_SVM_DISABLED kwa AMD, maana yake ni moja: uwezo wa kuendesha kompyuta pepe umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayotangulia Windows au Linux. Dalili nyingine ya tatizo hilohilo ni orodha ya mifumo kuonyesha ya biti 32 tu, ya biti 64 haionekani. Zima kompyuta, iwashe ukibonyeza F2, F10, Esc au Del kulingana na aina yake, kisha tafuta Intel Virtualization Technology au, kwa AMD, SVM Mode. Mara nyingi SVM Mode hufichwa ndani ya menyu ya mipangilio ya prosesa, wala si ya usalama. Washa, hifadhi, toka.

Ila kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, hakikisha una ufunguo wa kurejesha kabla ya kuingia huko. Kubadilisha mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya Windows iudai, na wakati huo hutakuwa na njia ya kuufuata ndani ya kompyuta ileile.

Ukirudi Windows, fungua Task Manager, Performance, CPU. Virtualization inapaswa kusomeka Enabled. Ikisomeka hivyo lakini VirtualBox bado inalalamika VERR_VMX_NO_VMX, basi kiti kimeshakaliwa: Hyper-V, programu ya Windows yenyewe ya kuendesha kompyuta pepe, imeushika uwezo huo. Tangu toleo la 6.0, VirtualBox inaweza kupitia kwa Hyper-V badala ya kukataa, na ndiyo maana siku hizi watu wengi hawaoni kosa lolote, wanaona uzito tu. Tazama chini ya dirisha la mashine inayoendesha. Ukiona kobe wa kijani, jibu unalo.

Kumwondoa kobe, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Washa upya kompyuta. Kobe akibaki, ingia Windows Security, Device Security, Core isolation, uzime Memory integrity, halafu uwashe upya tena. Fungua msinfo32 uangalie mistari ya mwisho: maneno “A hypervisor has been detected” hayatakiwi kuwapo. Fahamu gharama yake, hata hivyo. WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) na Windows Sandbox zitasimama, na Docker Desktop inayotegemea WSL 2 pia. Memory integrity nayo ni kinga halisi, si pambo. Kwenye kompyuta ya ofisi usiizime bila idhini. Kurudisha kila kitu, andika amri ileile ukiweka auto badala ya off, uwashe Memory integrity kama uliizima, kisha uwashe upya kompyuta. Kama unaishi na WSL 2 kila siku, ushauri wetu ni kumvumilia kobe.

Kwa wenyeji wa Linux mgombea kiti ni KVM, mfumo wa Linux yenyewe wa kuendesha kompyuta pepe, na kosa lake kwa Intel ni VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 6.12 limeongezeka, kwa kuwa KVM sasa huuchukua uwezo huo mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama hakuna mashine ya KVM inayoendesha. Tiba ya haraka ni sudo modprobe -r kvm_intel, au kvm_amd. Tiba ya kudumu ni kuongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye vigezo vya kuwashia kerneli.

Ujumbe wa rc=-1908 ni jambo jingine: moduli za VirtualBox hazijapakiwa, hasa baada ya kusasisha kerneli. Sakinisha vichwa (headers) vya kerneli unayoitumia, kisha endesha sudo /sbin/vboxconfig. Ikishindwa ilhali vichwa vipo, angalia Secure Boot, kinga ya kompyuta wakati wa kuwaka. Moduli isiyotiwa saini haipiti.

Juu ya RAM na prosesa tuseme machache. Usimpe mgeni zaidi ya nusu ya RAM: kompyuta ya GB 8 itoe MB 4096, basi. Viini vya prosesa vilevile. Kumpa mgeni viini vyote hakumwongezei mbio, humnyima mwenyeji pumzi, na mwenyeji akikwama wote mmekwama.

Diski imejaa

Mashine ikisimama ghafla katikati ya kazi na ujumbe wa DrvVD_DISKFULL, aliyejaa ni mwenyeji. Diski pepe inayokua kidogo kidogo inaweza kujitangaza kuwa ya GB 50 ilhali mwenyeji amebakiwa na GB 3. Usiizime mashine. Imesitishwa tu, haijafa: futa mafaili kwa mwenyeji, kisha iendeleze ilipoishia.

Akijaa mgeni mwenyewe, lazima diski ikuzwe, na hapa watu huishia nusu njia. Zima mashine kabisa, halafu:

VBoxManage modifymedium disk "ubuntu.vdi" --resize 61440

Kipimo ni MB, kwa hiyo hiyo ni GB 60. Washa mgeni, na utakuta nafasi ni ileile ya zamani. Amri haikushindwa. Umepanua kiwanja, kuta za nyumba hazijasogea. Kwenye Windows, fungua Disk Management uchague Extend Volume. Ikiwa imefifia, mara nyingi kuna kipande cha Recovery kilichokaa kati ya C: na nafasi mpya, na ni lazima kihamishwe au kiondolewe kwanza. Kwenye Linux yenye ext4 na kipande cha pili kilicho cha mwisho:

sudo growpart /dev/sda 2
sudo resize2fs /dev/sda2

Thibitisha namba kwa lsblk kwanza. Ukikosea kipande, usitulaumu.

Kama mashine ina snapshoti, yaani hali zake za nyuma zilizohifadhiwa, ziunganishe kabla ya kukuza. Kuunganisha ni kubofya Delete ndani ya programu, wala si kufuta mafaili yaliyo kwenye folda ya Snapshots. Kila faili humo limebeba mabadiliko tu na linamtegemea lililomtangulia. Ukitoa moja, mnyororo wote umekatika. Kuunganisha nako kunataka nafasi ya ziada, kwa hiyo usisubiri hadi diski ibaki na MB mia mbili.

Mtandao na skrini

Mgeni hana intaneti? Angalia anwani yake. Kwenye NAT ya VirtualBox, ambapo mgeni hutoka mtandaoni kupitia kwa mwenyeji, kwa kawaida ni 10.0.2.15, lango likiwa 10.0.2.2. Ikianza na 169.254, hakupewa anwani. Rudi kwenye NAT kabla ya kujaribu kingine, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi, kwa kuwa Bridged Adapter, inayomwunganisha mgeni moja kwa moja na mtandao, husumbua kwenye kadi nyingi zisizo na waya. NAT humtoa mgeni nje lakini haimwingizi mtu ndani: ukitaka kumwingia mgeni kwa SSH, elekeza tundu la 2222 la mwenyeji kwenda 22 la mgeni chini ya Port Forwarding. Mashine mbili zilizonakiliwa zikipokonyana anwani, tengeneza upya anwani ya MAC ya mojawapo.

Skrini ndogo isiyopanuka na kunakili kusikofanya kazi ni dalili za Guest Additions, programu za nyongeza za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya mgeni, kukosekana au kuwa za toleo la zamani. Kwa mgeni wa Ubuntu, sakinisha kwanza build-essential na linux-headers-$(uname -r), la sivyo usakinishaji utaonekana umekwisha huku moduli hazikujengwa. Kwenye VMware, mgeni wa Linux atumie open-vm-tools-desktop. Skrini ikiwa nyeusi kabisa, zima 3D Acceleration. Chini ya Graphics Controller ya VirtualBox, mgeni wa Linux mpe VMSVGA, wa Windows VBoxSVGA. Folda ya pamoja ikikataa kufunguka kwa mgeni wa Linux, jiongeze kwenye kundi la vboxsf, kisha utoke na uingie upya.

Umeme ulipokatika

VMware ikidai mashine inatumika na mwingine, fungua Task Manager utafute vmware-vmx.exe. Kama haipo, hamisha folda zenye mwisho wa .lck nje ya folda ya mashine, ujaribu tena. VirtualBox ikiandika Inaccessible, huenda faili la .vbox limeharibika au limebaki tupu. Nakili folda nzima mahali pengine, funga VirtualBox, kisha libadilishe jina faili la .vbox-prev lililo pembeni yake liwe .vbox. Hiyo ni nakala ya mipangilio iliyotangulia. Diski pepe yenyewe haiguswi.